Jukwaa Huria: Jinsi Mchekeshaji Mpya Apatavyo Zamu Yake

Utangulizi

Mjini Lubumbashi uchekeshaji wa jukwaani umejulikana kwa muda mrefu kuwa kazi ya kundi. Michezo ya Kiswahili ya kundi la Mufwankolo, ambayo Johannes Fabian aliichunguza katika kitabu chake Power and Performance (1990), haikutegemea matini yaliyoandikwa. Waigizaji walishauriana juu ya kisa, kisha kila mmoja akachangia maneno yake katika mazoezi. Mgeni aingiapo katika kundi la namna hiyo huwakuta wakubwa wa kumwongoza na wenzi wa kujibizana naye.

Hali ya mchekeshaji wa peke yake ni nyingine. Yeye husimama mbele ya kipaza sauti bila mwenzi, na husema na hadhira moja kwa moja. Mazoezi ya nyumbani humfaa kidogo tu, kwa sababu kicheko ni jibu, na jibu halipatikani pasipo mtu wa kujibu. Ili ajifunze lazima apande jukwaani. Na ili aitwe jukwaani hutakiwa awe amekwisha jifunza. Fundo hilo hufunguliwa na desturi ya jukwaa huria, yaani usiku ambao ukumbi huwapa watu wasiojulikana dakika chache za kujaribu. Makala hii inaeleza jinsi dakika hizo zinavyopatikana, na gharama yake.

Asili ya desturi

Mwaka 1963 Budd Friedman alifungua mjini New York ukumbi uitwao Improv, ambako waimbaji na wachekeshaji walipokezana jukwaa. Mwaka 1972 Comedy Store ilifunguliwa Los Angeles, na baada ya muda ikawa chini ya Mitzi Shore. Huko usiku wa Jumatatu ulitengwa kwa wanafunzi wa kazi hii. Mwaka 1979 Peter Rosengard na Don Ward walifungua London ukumbi wenye jina hilohilo, Rosengard akiwa amevutiwa na alichokiona Los Angeles. Taratibu nyingi zinazofuatwa leo katika miji mingi zimetokana na kumbi za namna hii.

Njia za kupata zamu

Njia ya kwanza ni orodha. Mchekeshaji hufika ukumbini kabla ya onyesho, huandika jina lake, na husubiri. Anayechelewa hukuta orodha imejaa, au hupewa zamu ya mwisho, wakati wasikilizaji wengi wamekwisha ondoka.

Njia ya pili ni kura. Majina hutiwa ndooni na kuchaguliwa bila kuangalia. Njia hii ina haki yake, kwa kuwa haimjui rafiki wala mgeni. Lakini mtu aweza kungoja usiku kucha asiitwe.

Njia ya tatu ni kumwandikia mpangaji wa kipindi mapema. Hutumika sana London, na zamu yaweza kuja baada ya majuma au miezi. Barua ifaayo ni fupi: jina, mahali ambapo mwombaji amekwisha panda, na siku anazoweza kufika. Sifa nyingi za kujisifia hazimsaidii, kwani mpangaji hutafuta kwanza mtu atakayefika.

Njia ya nne ni kuleta wasikilizaji. Kumbi nyingine, hasa New York, humpa mgeni dakika zake kwa sharti kwamba alete marafiki kadhaa wanaolipa kiingilio na vinywaji. Hapa yafaa tahadhari. Marafiki hucheka kwa upendo, na kicheko cha upendo hakimfundishi msemaji lolote. Tena marafiki wenyewe huisha upesi kuliko hamu ya kupanda.

Njia ya tano ni mashindano. Katika Comedy Store ya London, tangu siku zake za kwanza, upatu ulipigwa kumwondoa aliyechosha hadhira, na Alexei Sayle ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Baadaye ulipangwa usiku maalumu ambao mgeni hutakiwa kustahimili dakika 5 bila kupigiwa upatu.

Adabu ya jukwaa

Kupata zamu ya kwanza si kugumu sana. Kupata ya pili ndiko kugumu. Dakika za mgeni kwa kawaida ni kati ya 3 na 5. Muda unapokaribia kwisha, taa ndogo huwashwa nyuma ya ukumbi. Anayeipuuza taa hiyo amekula dakika za mwenziwe, na jambo hilo halisahauliki hata kama watu walicheka. Vilevile anayesema na kuondoka papo hapo, bila kuwasikiliza wengine, hujulikana upesi. Anayeketi hadi mwisho huwa hadhira ya wenzake, nao huwa hadhira yake. Wengine hutafuta kazi palepale: Marc Maron, aliyepata sifa baadaye, alikuwa bawabu wa Comedy Store ya Los Angeles katika miaka ya 1980.

Shule au kazi?

Mgeni halipwi, naye hukubali kwa kuwa anajifunza. Lakini je, kujifunza huko kuna mwisho? Mitzi Shore aliuona ukumbi wake kuwa chuo, na kwa sababu hiyo hakuwalipa hata wachekeshaji waliokuwa wakijaza viti kwa watu waliolipa kiingilio. Wahudumu wa vinywaji walilipwa. Aliyewavuta wanywaji hakulipwa. Mwezi wa Machi 1979 wachekeshaji waligoma, msemaji wao akiwa Tom Dreesen. Jay Leno na David Letterman walikuwa miongoni mwa waliowaunga mkono. Baada ya majuma sita hivi walipatana, na malipo yakawekwa kuwa dola 25 kwa zamu. Hata hivyo, baadhi ya waliogoma walilalamika baadaye kwamba majina yao yamekuwa haba katika ratiba. Malalamiko hayo yanaonyesha mahali nguvu ilipo: si katika fedha peke yake, bali katika kalamu ya yule aandikaye orodha.

Hitimisho

Kwa hiyo mchekeshaji mpya hupata zamu kwa mambo matatu yasiyohitaji kipaji: kufika mapema, kuitii taa, na kurudi juma lifuatalo. Kipaji huanza kuhesabiwa baada ya hayo. Naye aandaaye jukwaa, liwe la mji au la chuo kikuu, anapaswa kutangaza waziwazi namna ya kujiandikisha, idadi ya dakika, na kama kiingilio kinatozwa. Mgeni anayejaribu mbele ya wachache bila kiingilio ni mwanafunzi. Watu wanapoanza kununua tiketi ili wamsikie yeye, uanafunzi wake umekwisha, na ujira wake umeanza kuwa deni.