Mfinyanzi Hulia Gaeni

Wazee wetu walipotunga methali hii walimfikiria mtu ambaye kazi ya mikono yake huwapendeza wengine, hali yeye mwenyewe hupakua chakula chake katika kipande cha chungu kilichovunjika. Leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja: je, si sisi wenyewe tuliokuwa mfano wa mfinyanzi huyo?

Tuanze mbali. Wachina wamefinyanga vyungu tangu zamani sana. Katika pango la Xianrendong, jimbo la Jiangxi, vimepatikana vigae ambavyo wataalamu wamevikadiria kuwa na umri wa miaka kama 20,000. Vilikuwa vigae vya vyungu vya kawaida, na bibi zetu wangaliviona wasingalistaajabu. Tofauti ilikuja polepole. Wachina walijifunza kujenga tanuri zenye kuhifadhi moto mkali. Wakajifunza kukipaka chombo majivu na udongo, ili kikichomwa kipate ngozi ya kung'aa kama kioo. Hata wakati wa ufalme wa Tang (618–907) wakapata kutengeneza kauri, yaani chombo cheupe kisichopitisha maji, chenye kulia kama kengele kikigongwa. Siri yake ni udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na jiwe lililosagwa, ukachomwa kwa joto la digrii 1,300 au karibu yake. Jina lenyewe la kaolini limetoka katika kilima cha Gaoling, karibu na mji wa wafinyanzi wa Jingdezhen.

Padri mmoja Mfaransa, d'Entrecolles, aliyekaa Jingdezhen, aliandika mwaka 1712 kwamba chombo kimoja hupitia mikono ya watu kama 70 kabla hakijaisha. Ndiyo maana Wazungu walikaa mamia ya miaka wakinunua kauri wasijue kuitengeneza, mpaka walipoipata siri hiyo huko Meissen, Ujerumani, katika miaka ya 1708 hadi 1710. Basi haukuwa uchawi. Ulikuwa udongo, moto, saburi, na elimu iliyorithishwa baba kwa mwana bila kukatika.

Sasa turudi kwetu. Vyombo hivyo vilisafiri kwa bahari, vikapita mikononi mwa wafanya biashara wa India, Uajemi na Arabuni, vikafika pwani yetu. Kilwa Kisiwani, mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331, sultani alijijengea jumba la Husuni Kubwa, na katika magofu yake kumefukuliwa chupa ya kauri kutoka Uchina. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, wenye mali walipamba makaburi yao kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa katika nguzo. Vigae vya Kichina vimeokotwa hata Great Zimbabwe, barani kabisa, kwa kuwa dhahabu ya huko ndiyo iliyopitia Sofala na Kilwa kwenda kulipia vitu kama hivyo. Nasi tulipeleka vyetu: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika mbele ya mfalme wa Uchina, katika siku zile za safari za jemadari Zheng He.

Mwaka 1955 mtaalamu wa Kiingereza, Mortimer Wheeler, alipita pwani yetu akastaajabu kuona vigae vya Kichina vilivyo tele, vya kuchotwa kwa koleo. Akaona kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini yaweza kusomwa katika kauri hizo. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kwani wachimbaji wa Kilwa, kila wanapochimba, vigae vilivyo vingi kupita vyote si vya Uchina. Ni vya vyungu vya hapa hapa. Sultani alionyesha wageni bakuli la kauri, lakini mchuzi wake ulichemka katika chungu cha udongo kilichofinyangwa kwetu.

Ustadi huo ulikuwako na barani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri Masasi na Newala, akaandika jinsi alivyowaona wanawake wa Newala wakifinyanga kwa mikono mitupu, pasipo gurudumu. Kwa watu wa uwanda wa Makonde chombo hicho hakikuwa pambo. Juu ya uwanda maji yalikuwa ya shida, na mama aliyateremkia bondeni, akayapandisha mlima kwa kichwa. Mtungi ukivunjika njiani, kazi ya siku nzima ilimwagika.

Leo Lisekese, kama penginepo, ndoo ya plastiki imechukua mahali pa mtungi. Hatumlaumu mama anayeichagua, maana ni nyepesi wala haivunjiki. Twalaumu kwamba elimu ya mtungi yaachwa ife kana kwamba haikuwa elimu. Vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vina kaolini kwa wingi, udongo ule ule ulioitukuza Jingdezhen. Mkuranga na Chalinze makampuni ya Kichina yamejenga viwanda vya vigae vya sakafu, vile tunavyoviita marumaru. Ni jambo jema. Lakini vijana wetu wakiwa humo wapakizi tu, wasijue mchanganyo wala moto, basi tutaendelea kulia gaeni.

Yafaa nini basi? Shule za Masasi na Newala ziwaalike kina mama wafinyanzi wangali hai, wawafundishe watoto kuujua udongo, kuukanda na kuuchoma. Na walimu wa sayansi waeleze kwa nini chombo hugeuka jiwe motoni. Mchina naye alianza na chungu cha kuni. Bali hakukidharau, akakiongezea maarifa kizazi baada ya kizazi.

Udongo uwahi ungali maji.