Chekechea: maneno ya siku ya kwanza shuleni

Mtoto anapoanza masomo ya awali, mzazi hupata taabu ya moyo na mfasiri hupata taabu ya maneno. Taabu hizi mbili zina uhusiano, kwani kitenzi kisichofaa huweza kumfanya mama aliyempeleka mwanawe shuleni aonekane amemtupa.

Jina la mahali si gumu. *Chekechea* ndilo lililoenea: shule ya chekechea, watoto wa chekechea. *Shule ya vidudu* ni jina la mzaha na upole lililozoeleka Tanzania. Lakini kwa kuwa vidudu ni pia viini vya maradhi, halifai katika waraka rasmi, hasa unaohusu usafi. *Nasari* ni la mazungumzo zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 husema *elimu ya awali*. Nchini Kenya, ambako elimu hii ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010, madarasa yake huitwa PP1 na PP2. *Shule* lenyewe lilitokana na Kijerumani, lakini *Kindergarten*, jina alilolibuni Friedrich Fröbel mwaka 1840, halikufuatana nalo. Mfasiri akiandika “bustani ya watoto”, msomaji ataona bembea na maua, si darasa.

Tahadhari moja kwa wasomaji wa maandishi ya zamani ya pwani: mtoto wa miaka mitano “aliyetiwa chuoni” hakupelekwa kwenye taasisi ya elimu ya juu. *Chuo* hapo ni mahali pa kufundishiwa Kurani.

Ugumu halisi umo katika vitenzi. *Kuandikishwa* ni jambo la ofisini, na huweza kutangulia siku ya kwanza kwa wiki kadhaa. *Kuanza shule* ni kufika kwenyewe. Kisha mzazi huondoka, na hapo ndipo *kuacha* huleta mashaka. Kitenzi hiki hubeba kusahau, kutelekeza na hata kutoa talaka. Tazama sentensi hizi:

Mama alimwacha mtoto shuleni.
Mama alimwachia mwalimu mtoto.

Ya kwanza si kosa, na watu huisema kila siku, lakini muktadha ukiwa mfinyu msomaji huweza kujiuliza kama mama alikusudia kurudi. Katika ya pili, irabu moja ya kauli ya kutendea imeleta mtu wa tatu: kiambishi *-mw-* sasa ni cha mwalimu, naye ndiye aliyepewa dhamana. Wanafunzi wengi hukosea hapa wakidhani kiambishi hicho bado ni cha mtoto. *Kumkabidhi* mtoto kwa mwalimu ni rasmi zaidi, na hufaa katika taratibu za shule.

Kilio nacho kina vitenzi vyake. Mtoto *analia* langoni. Lakini akimtaka mama, *anamlilia* mama. Wazo la kumtaka aliyeondoka limo tayari ndani ya kitenzi, hivyo “analia kwa sababu anamtaka mama” ni maneno mengi kwa jambo dogo. Anaweza pia *kulilia* kitu au tendo: analilia kubebwa, analilia kurudi nyumbani. Akiisha kuchoka hubaki na *kwikwi*, na hilo si neno la kubadilisha na *mayowe*.

Halafu ahadi. Wazazi wengi husema “nitakuja kukuchukua”. Tanzania husikika pia “nitakufuata”, yaani nitakuja kukutwaa, si nitakuandama. Anayesema “nitakupitia” anadokeza kwamba shule iko njiani mwake. Saa iandikwe kwa hesabu ya Kiswahili: masomo yakiisha adhuhuri, mtoto hufuatwa saa sita. Mfasiri anayeona 12:00 akaandika “saa kumi na mbili” amemweka mtoto langoni mpaka jua litue.

Mwisho kuna taarifa ya mwalimu, ambayo mzazi huisikiliza kuliko neno jingine lolote la siku hiyo. *Hakuzoea* hufunga jambo: muda ulikuwepo, mazoea hayakuja. *Hajazoea* husema kwamba hali hiyo haijafika hadi sasa, na huacha nafasi ya kesho, *bado* hulikazia. Vivyo hivyo “hakula” ni habari ya mlo uliopita, lakini “hajala” ni habari ya mtoto ambaye huenda sahani yake ingali mezani. Lugha zisizo na nyakati mbili kama hizi hulazimika kuongeza maneno. Anayetafsiri kutoka lugha hizo asikimbilie *-ku-* kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu. Mwalimu mzoefu, akiulizwa langoni siku ya kwanza, hujibu:

Bado hajazoea, mama. Alikulilia kidogo, kisha akacheza na wenzake.