Chapati za Makambako na Moto wa Miwati

Barabara kuu ya Tunduma, barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, zote zinakutana Makambako. Mji huu unalisha wapita njia usiku na mchana. Wachina kwa maelfu walijenga reli ile kati ya 1970 na 1975, wakatoboa mahandaki ya kupenya milima kutoka Mlimba hadi huku. Kaa kwenye benchi la mama lishe uangalie mezani: chapati, sambusa, chai ya maziwa yenye tangawizi. Ladha ya Asia iliyobaki hapa ni ya Wahindi. Ya Wachina utaipata pembeni mwa sahani tu, kwenye mboga ya chainizi.

Jambo hili limenisumbua. Wachina wa reli waliishi kambini, wakalima mboga zao na kujipikia wenyewe. Wahindi walifungua maduka, wakauza unga na viungo. Je, sababu ni hiyo tu?

Mama lishe hana muda wa swali hilo. Yeye ana chapati, na chapati inataka kuanzwa alfajiri. Miezi ya Juni na Julai baridi ya nyanda hizi za juu inakaza unga, kwa hiyo anaukanda kwa maji ya uvuguvugu, anaufunika na kuusogeza karibu na jiko ulainike. Kila donge analisukuma, analipaka mafuta ya alizeti, analikunja na kulizungusha kama konokono, kisha analiacha lipumzike. Akiharakisha hapo, atakueleza, chapati haichambuki. Baadaye analisukuma tena na kulitupia kwenye kikaango. Analigeuza likiwa kavu, analipaka mafuta, analigeuza tena, huku akilizungusha kwa ncha za vidole bila kuungua.

Ila siri kubwa iko chini ya kikaango. Kuni mbichi kwake ni hasara: macho yanalia, moto unalegea, na chapati inakauka kabla haijaiva. Anachotaka ni miwati iliyokauka vizuri. Huko Njombe, kama kilomita 60 kutoka hapa, miti hii hupandwa kwa ajili ya magome, ambayo kiwandani hutoa dawa ya kusindikia ngozi. Gome likishabanduliwa, mti unabaki, na watu wa huku wanajua unawaka kwa moto mkali usio na moshi mwingi. Viatu vinaanzia kwenye gome, chapati inaivia kwenye gogo.

Moto huo hauzimwi bure. Chapati zikiisha, makaa yanapokea sufuria ya maharage. Majivu yanakwenda kwenye bustani ya mboga, maganda ya viazi yanakwenda kwa nguruwe wa jirani. Chapati iliyobaki jioni inapashwa asubuhi kwa chai. Na kuna daftari: dereva wa bodaboda au mpakia mizigo asiye na hela leo anakula, jina linaandikwa, atalipa akipata. Mimi naona huu ndio mgahawa unaotunza mazingira na watu wake, hata kama hakuna bango linalosema hivyo.

Lakini moshi, hata ukiwa mdogo, unaingia kifuani mwake kila siku. Tangu mwanzoni mwa 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kupikia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Banda la mama lishe liko wapi kwenye hesabu hiyo? Mtungi wa gesi unaweza kubeba chapati, maharage, supu na chai kutwa nzima, na sahani ikabaki kwa bei ileile? Na miwati je, ikipandwa upya kila inapokatwa, tuihesabu pamoja na kuni za msitu wa asili?

Mwaka 2025 kampuni ya Kichina, CCECC, ilisaini mkataba wa kuikarabati na kuiendesha reli ile ya TAZARA. Mafundi wakija Makambako safari hii, nitafurahi wakila kwa mama lishe badala ya kambini.

Halmashauri ya Mji ianze kwa kuwasaidia wanawake hawa kupata majiko safi kabla ya kufikiria kuwatoza faini ya moshi. Nawe msomaji, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na chapati nyingi sasa zinafungwa kwenye gazeti lenye wino. Ukipita Makambako, njoo na hotipoti yako.