Sikio la Mtoto wa Lubutu

Watoto wengi ninaowafundisha muziki hapa Lubutu hawajawahi kugusa piano, na hilo halinikoseshi usingizi. Mtoto aliyelelewa kwa Kikumu anaingia darasa la kwanza akiwa tayari anabagua sauti ya juu na ya chini, maana lugha ya nyumbani haimpi nafasi ya kubahatisha. Akipandisha sauti mahali pa kushusha, amesema neno jingine, na shangazi zake watamcheka mchana kutwa. Kazi yangu ni kumwonyesha kwamba anachokifanya mdomoni tangu utotoni ndicho ninachokiandika ubaoni: do, re, mi.

Lubutu ni moja ya sehemu saba za utawala za jimbo la Maniema, huku kaskazini, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayotoka Kisangani kwenda Bukavu. Kindu, mji mkuu wa jimbo, uko mbali kusini, kando ya Mto Lualaba. Watu wengi wa nje walilisikia jina letu mwaka 1997, kwa habari za kambi ya wakimbizi ya Tingi-Tingi. Sisi wa hapa tunayo mengine pia ya kusimulia, na mimi naanzia kwenye ngoma ya mti.

Ngoma hii haina ngozi. Ni gogo zima lililochimbwa ndani kupitia mpasuo mwembamba uliokatwa juu, likabaki na midomo miwili. Fundi huchimba zaidi chini ya mdomo mmoja. Huo unakuwa mwembamba na kutoa sauti nzito. Wa pili unabaki mnene na kulia juu. Mti unaosifiwa kwa kazi hii ni ule mwekundu wa msituni ambao wauza mbao huuita paduku. Unga wake ndio wazee wetu walijipaka mwilini siku za sherehe.

Sauti mbili tu, na bado habari ya msiba ilikuwa inavuka mito kabla mjumbe hajafunga mzigo wake. Inawezekanaje? Aliyelieleza vizuri kwa maandishi ni John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu, jirani na Kisangani, mwaka 1938, akajifunza kupiga mwenyewe, kisha akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema mwaka 1949. Kwa Walokele wa huko Yakusu, neno la mwezi na neno la kuku yana sauti zinazolingana, hivyo ngoma peke yake haiwezi kuyatenganisha. Mpigaji hurefusha maneno: kuku humtaja pamoja na mlio wake, mwezi huutaja kama unaoitazama dunia. Kadiri sentensi inavyorefuka, ndivyo nafasi ya kukosea inavyopungua.

Darasani nawaambia wanafunzi wafanye vivyo hivyo na majina yao. Jina tupu likipigwa, watoto wanne wanasimama. Likiongezwa sentensi fupi juu ya kwao, anasimama mmoja. Tangu hapo hakuna anayeniuliza tena kwa nini wimbo unahitaji mstari mzima wakati neno moja lingetosha.

Sikio lile lile linalobagua sauti ya juu na ya chini ndilo ninalolitumia kutunga. Wimbo wa Kikumu lazima ufuate miinuko ya maneno, la sivyo bibi aliyekaa nyuma atasikia upuuzi. Kiswahili kinadai kingine: mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la ngoma linataka likae hapo. Nyimbo nyingi tulizopokea zilitafsiriwa kutoka Kifaransa bila kujali jambo hili, ndiyo maana kwaya inaimba "mwali-MU" na "kani-SA" na kila mtu amezoea. Nawapa darasa la sita mstari kama huo, nawaambia waunyoshe bila kubadilisha neno hata moja.

Vyombo tunatengeneza wenyewe. Barabara yetu imebebwa miaka mingi na baiskeli, zilizosheheni mafuta ya mawese na mchele, kwa hiyo spoki mbovu hazikosekani. Tunazigonga juu ya chuma mpaka ziwe bapa, tunazipanga juu ya kisanduku cha mbao, tunazibana kwa waya: likembe imezaliwa. Kila ulimi una vipete vya bati vya kuufanya uvume. Halafu inakuja kazi ya subira, kulinganisha sauti. Ulimi ukivutwa nje unarefuka na sauti inashuka. Ukisukumwa ndani, inapanda.

"Mwalimu, huu umelala."

"Usukume kidogo."

"Sasa umepita."

Hapo mtoto anashika kwa vidole vyake kile ambacho vitabu vinakieleza kwa michoro.

Wazazi hawaelewi wote. Baba mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome, si kupiga ngoma." Ana haki ya kuuliza, maana mtihani wa taifa wa darasa la sita haumwambii mtoto aimbe. Nilimsimulia habari za Kinshasa, ambako Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha orkestra ya kanisa la Wakimbangu mwaka 1994 na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma noti. Violini zilikuwa chache, wakapokezana, na nyuzi zilipokatika walitumia waya za breki za baiskeli. Nikamtajia pia Mingiedi, mwanzilishi wa bendi ya Konono Nº1, aliyeipa likembe umeme kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Yule baba hakusema nimemshinda. Aliuliza spoki ngapi zinatosha likembe moja.

Mwalimu mwenzangu, usiye na kitabu wala chombo, usisubiri msaada kutoka Kindu au Kinshasa. Waulize watoto ni mzee gani mtaani anayejua kupiga ngoma ya mti, uende kwake jioni na heshima zako, umwombe aje shuleni. Akija, mpe kiti chako, nawe ukae kwenye benchi na wanafunzi.