Je, Wajua? Foleni Kwenye Uwanja wa Gofu

Je, wajua kwamba mpira ukipotelea nyasini, mchezaji wa gofu ana dakika tatu tu za kuutafuta? Hadi 2018 zilikuwa tano. Kanuni zilizoanza Januari 2019 zilipunguza mbili, na aliyewahi kusimama nyuma ya watu wanne wanaopekua kichaka kwa ncha za fimbo anajua thamani ya dakika hizo.

Kanuni hizohizo zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu ya mchezaji ifike. Zinashauri tu. Kuhesabu na kuadhibu ni kazi ya wenye mashindano, nao huona haya. Mwaka 1995 Mmarekani Glen Day aliongezewa mkwaju mmoja kwa kuchelewesha mchezo kwenye mashindano ya Honda Classic. Baada yake, PGA Tour, wasimamizi wa mashindano ya kulipwa Marekani, haikutoa tena adhabu ya mkwaju kwa kosa hilo katika mashindano yake ya kawaida hadi 2017. Miaka 22! Day, kwa Kiingereza, ni siku. Wenzake walishambatiza “All Day”, yaani Kutwa Nzima.

Je, wajua ni nani aliyeadhibiwa Augusta mwaka 2013? Mtoto. Guan Tianlang wa China alikuwa na miaka 14, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kucheza Masters, mashindano makubwa ya huko. Siku ya pili upepo ulivuma, akawa anabadilisha fimbo, anarusha majani hewani, anafikiri upya. Waamuzi wakawasha saa, wakamwonya, na kwenye shimo la 17 wakamwongezea mkwaju mmoja. Jioni ikabidi watu washike kalamu kupiga hesabu kama kijana amevuka mchujo. Alivuka, bila mkwaju hata mmoja wa akiba, na akamaliza akiwa bora wa wachezaji wa ridhaa. Sisemi alionewa, saa ilikuwa imempita kweli. Ninachouliza ni saa hiyo hujificha wapi wakubwa wakicheza.

Maana mwaka 2018 huko Torrey Pines, California, J.B. Holmes alisimama juu ya mpira wake kwenye shimo la mwisho kwa zaidi ya dakika nne akiusubiri upepo, huku Alex Noren, aliyekuwa akiwania kombe, akingoja kando. Baada ya yote hayo Holmes akaupiga mpira kwa tahadhari, pembeni, wala hakulenga shimo. Adhabu? Hakuna.

Kwa wanawake mambo ni makali zaidi. Mwaka 2012, nusu fainali ya Sybase Match Play, inayoshindaniwa shimo kwa shimo, Morgan Pressel alishinda shimo la 12 akawa mbele kwa mashimo matatu, yakiwa yamebaki sita. Mara akaambiwa alichelewa, shimo hilo limekwenda kwa mpinzani wake. Uongozi wa matatu ukawa wa moja. Azahara Muñoz akampita, kisha akachukua na kombe.

Je, wajua kwamba mara nyingi foleni haitokani na mtu mzito hata mmoja? Shimo refu humeza makundi mawili au matatu kwa pamoja: moja linamalizia mbele, jingine liko katikati. Shimo fupi, lile la mikwaju mitatu, hubeba kundi moja tu. Tuseme klabu, iwe Muthaiga au St Andrews, inaachia kundi kila dakika nane, na shimo fupi linahitaji dakika kumi. Kila kundi linaongeza dakika mbili za kungoja. La kumi litakaa dakika 18 bila kosa la mchezaji yeyote. Kumlaumu mzee wa kundi la mbele ni rahisi. Mwenye kosa ni aliyepanga ratiba asubuhi kwa tamaa ya ada.

Dawa zipo. Klabu ya Muirfield, Uskoti, wanapenda wachezaji wawili kushirikiana mpira mmoja, wakipiga kwa zamu. Mmoja akipiga, mwenzake ameshatangulia mbele kuungoja.

Daktari Frank Stableford wa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932 aliwapa wachezaji mfumo wa pointi ili shimo moja baya lisiwaharibie siku. Faida ya pembeni: ukishajua hupati pointi, unaokota mpira na kwenda zako.

Mwaka 2018 huko Austria yalifanyika mashindano ambayo kila mkwaju uliwekewa saa: sekunde 40, na 50 kwa anayeanza. Kila mchezaji alikuwa na nafasi mbili tu za kuomba muda wa ziada katika kila raundi. Ukipitiliza, mkwaju unaongezwa palepale. Raundi zikafupika kwa zaidi ya nusu saa, na Mfini Mikko Korhonen akashinda.

Si wote huikubali adhabu. Carlota Ciganda wa Hispania aligoma. Evian, Ufaransa, 2023, alipewa mikwaju miwili kwa kuchelewa. Akaisaini kadi bila kuiandika, akatolewa kwa kadi yenye hesabu isiyo sahihi.

Na Jack Nicklaus, gwiji wa gofu wa Marekani? Portland, 1962, kijana mgeni kwenye gofu ya kulipwa, akatandikwa mikwaju miwili kwa mwendo wa kinyonga. Kombe akalichukua vilevile.