Chupa ya Mofini Mkononi mwa Mgonjwa

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi mlioko kambini, vituoni na barabarani, leo tunazungumzia jambo ambalo jamaa nyingi hulikabili kimya kimya, nalo ni maumivu ya mgonjwa wa saratani.

Askari hufundishwa kuvumilia maumivu, na uvumilivu huo ni sifa njema vitani. Lakini haifai kuudai kwa mama mzee aliyelala kitandani, ambaye uvimbe unamkandamiza mifupa na mishipa ya fahamu usiku na mchana. Maumivu ya namna hiyo hayamjengi mtu. Humnyima usingizi, humwondolea hamu ya chakula, na mwisho humfanya aombe kifo.

Yafaa ifahamike kwamba maumivu hayo aghalabu hutulizika, hata pale saratani yenyewe isipoponyeka. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitangaza utaratibu ulio mfano wa ngazi. Maumivu madogo hutibiwa kwa panadoli au aspirini. Yakizidi, kwa kodeini. Na yakiwa makali, kwa mofini, dawa yenye asili ya afyuni. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa kuwa nguvu zake hudumu kwa muda huo tu. Mlinzi hangoji adui aingie kambini ndipo ashike zamu. Vivyo hivyo, dawa hii haingoji mgonjwa alie.

Hapa kwetu, Taasisi ya Saratani ilianzishwa Mulago mwaka 1967. Hata hivyo, kwa miaka mingi mgonjwa aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake umepita tiba alirudi nyumbani na maumivu yake. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda hapa Kampala, na serikali ikakubali unga wa mofini uingizwe nchini. Unga huo huchanganywa na maji, ukatiwa rangi ya kutofautisha nguvu zake, na mgonjwa akanywa dawa nyumbani kwake bila sindano. Baadaye huduma hiyo ilifika Mbarara na Hoima.

Ikabaki shida moja: madaktari ni wachache, na wagonjwa wengi wako vijijini. Kwa hiyo, mwaka 2004 kanuni za nchi zilibadilishwa, wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika dawa hii. Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuchukua hatua hiyo. Serikali huigharimia, na mgonjwa hupewa bure.

Ni hapa jambo hili linapomgusa askari kazini. Kwenye kizuizi cha barabara anaweza kumkuta kijana amebeba chupa ya mofini anayompelekea baba yake. Askari huyo amefundishwa kupambana na dawa za kulevya, na afanya vyema. Lakini sheria ile ile inayokataza biashara ya dawa hizo ndiyo inayomlinda mgonjwa. Na asome maandishi ya chupa: jina la mgonjwa, kipimo, na mahali ilikotolewa. Akiwa na shaka, aulize hospitali. Kuimwaga dawa hiyo ni kumhukumu mgonjwa usiku mzima wa mateso. Chupa isiyo na maelezo wala mwenyewe, hiyo ifuate mkondo wa sheria.

Wako wanaohofu kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa. La hasha! Anayeinywa kwa kipimo na kwa ajili ya maumivu ni nadra kufikia hali hiyo. Hata hivyo, asiyeandikiwa asiiguse, kwani yaweza kumzuia kupumua. Iwekwe mbali na watoto, na ibakiayo irudishwe hospitali.

Jamaa wajue pia kwamba mofini hufunga choo. Mgonjwa apewe dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Wahudumu wetu hutumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kidonda chenye harufu hunyunyiziwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, harufu ikapungua, na mgonjwa akaweza tena kuketi na wageni wake.

Ndugu askari, huenda aliye kitandani leo ni mzazi wako. Usimwambie avumilie. Mpeleke, au mtume mtu, katika hospitali iliyo karibu, ukaulize waziwazi kuhusu dawa ya maumivu. Kifo hatuna uwezo wa kukizuia, lakini mateso mengi yanayokitangulia tunao.