Seramu za Uso na Ngozi Isiyopokea Kila Mgeni

Aghalabu ya watu wapakao seramu usoni, moja juu ya nyingine, tatu au nne au tano kwa wakati mmoja, hudhani kwamba ngozi hunywa kila kinachomiminwa juu yake, na kwamba anayezidisha chupa huzidishiwa uzuri; na dhana hiyo, ambayo wauzaji hawaoni haja ya kuikanusha, ndiyo inayonikera, maadam kazi ya ngozi tangu asili si kupokea bali ni kuzuia.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ya uso, ambalo ni jembamba kuliko karatasi ya kuandikia, ni seli bapa zilizokwisha kufa, zimepangwa mithili ya mawe katika kuta za nyumba kongwe za Lamu, na chokaa inayoziunganisha ni mafuta. Mafuta hayo huvipitisha vitu vidogo visivyo na chaji ya umeme, na vinginevyo huviacha nje. Mwaka 2000 Jan Bos na Marcus Meinardi, wataalamu wa ngozi wa Uholanzi, walieleza kwamba molekuli inayozidi uzito wa daltoni 500 haivuki tabaka hilo ila kwa shida kubwa. Basi asidi ya hyaluroniki ya seramu, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitoa katika jicho la ng'ombe huko New York mwaka 1934, na ambayo katika umbo lake kubwa hupita daltoni milioni moja, itavukaje? Hukaa juu, ikashika maji, ikaulainisha uso kwa saa kadhaa. Nayo ni faida, sina ubishi, ila si ile faida ya ndani inayotangazwa.

Ajabu hasa imo katika vitamini C. Molekuli yake ina daltoni 176 tu, kwa hivyo kwa udogo ingestahili kupita bila ya taabu. Lakini ikiwa katika maji yasiyo na uchachu hupoteza chembe ya hidrojeni, ikabaki na chaji, na yale mafuta yakaikataa. Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipoijaribu juu ya ngozi ya nguruwe na kutoa habari zake mwaka 2001, waliona kwamba haiingii sawasawa mpaka pH ya dawa iteremke chini ya 3.5, yaani iwe chachu hata hidrojeni ile isibanduke. Kwamba kuzidisha kiasi kupita asilimia 20 hakuongezi kitu. Na kwamba ikisha kuingia, nusu yake hubaki ngozini baada ya siku nne hivi. Aliyesahau kuipaka leo asubuhi, kwa hiyo, hajapata hasara ya kumkosesha usingizi, na yule aipakaye mara tatu kwa siku anataraji muujiza bure.

Hapo ndipo mpango wa kutanguliza na kufuatisha unapopata maana. Vitamini C hutangulia, juu ya uso uliooshwa na kukaushwa, kwa kuwa krimu nzito ikiiwahi itaizuia isifike. Na sabuni ya kipande, ambayo pH yake hufika 9 au 10, huuondosha kwa muda uchachu wa ngozi yenyewe. Afadhali basi kuosha kwa kitu kilicho laini zaidi. Kisha hufuata za majimaji, na za mafuta huja nyuma yao, kwani maji hayapenyi vyema juu ya mafuta. Zikirundikwa nyingi mno huviringika vitongevitonge chini ya vidole, na vitonge hivyo ni fedha inayofutwa kwa taulo.

Na fedha nyingine hupotea kabla ya chupa kufunguliwa. Vitamini C huharibiwa na hewa, mwanga na joto, ikageuka manjano, kisha hudhurungi. Ilhali chupa hizo katika miji yetu huanikwa madirishani mwa maduka, jua la adhuhuri likizipiga, na mnunuzi hulipa bei ile ile. Mtu anunue chupa ndogo yenye kioo cheusi, aiweke mahali pa baridi, aimalize.

Zilizobaki ni za kutaja tu: niasinamidi, kwa mafuta yaliyozidi na madoa; retinoli, usiku tu, kwani mwanga huivunja; asidi ya salisili, kwa chunusi; krimu ya kuzuia jua, mwisho wa yote asubuhi, nayo ina faida kuliko chupa zote zilizoitangulia. Ama mkorogo wenye zebaki, ambao mkataba wa kimataifa wa Minamata umeupiga marufuku na bado unauzwa vichochoroni, hauna nafasi ya mwanzo wala ya mwisho.